Fraunhofer, Fundi wa Vioo Aliyeitia Nuru Alama

Chembe ya chumvi ikidondoka motoni, ulimi wa moto hugeuka njano mara moja, kisha hurudia rangi yake ya kwanza. Ni jambo dogo la jikoni, wala hapana mama wa nyumba aachaye kukoroga chungu ili alitazame. Hata hivyo rangi hiyo hiyo ya njano ndiyo inayowasaidia wataalamu wa nyota kukadiria vumbi lililotanda katika nafasi kubwa baina ya nyota na nyota, na kujua ni kwa kiasi gani vumbi hilo limeigeuza nuru inayotufikia. Mtu aliyeonyesha barabara mahali pa rangi hiyo katika nuru ya jua hakuwa mwanachuoni. Alikuwa yatima, fundi wa kukata vioo, aliyekatazwa hata kusoma kitabu usiku. Ndiye Joseph Fraunhofer wa Bavaria, katika nchi ya Ujerumani. Jina lake limo katika vitabu vya shule, na vijana wetu hulikariri kwa ajili ya mtihani. Maisha yake hayajulikani sana, nasi twaona yafaa yasimuliwe.

Alizaliwa katika mji wa Straubing tarehe 6 Machi 1787, kitindamimba katika nyumba ya watoto 11. Baba yake, Franz Xaver, alikuwa fundi wa vioo, na kijana alianza kushika vyombo vya kazi angali mdogo. Mama alikufa mwaka 1797, baba akamfuata mwaka 1798, hivi kwamba Joseph alibaki yatima akiwa na umri wa miaka 11. Walezi wake walimtia kwanza katika kazi ya kukereza mbao, lakini mwili wake ulikuwa dhaifu, hakuiweza. Mwaka 1799 wakampeleka Munich, mji mkuu wa Bavaria, kwa Philipp Anton Weichselberger, aliyekuwa akitengeneza vioo vya kujitazamia kwa ajili ya jumba la mtawala. Mapatano yalikuwa miaka 6 ya uanagenzi bila ujira.

Bwana huyu hakupenda mwanagenzi wake ajishughulishe na vitabu. Siku za Jumapili palikuwa na shule kwa ajili ya vijana wa kazi, lakini Joseph hakuruhusiwa kwenda. Wala taa hakupewa ya kusomea usiku. Hatutaki kumhukumu Weichselberger kupita kiasi, maana mafundi wengi wa zama zile waliwatumia wanagenzi wao vivyo hivyo, na hata siku hizi wako wazazi waonao kwamba mtoto ashikaye kitabu anakwepa kazi. Lakini ni dhahiri kwamba kama mambo yangaliendelea hivyo, kijana angalikufa mkata vioo asiyejulikana.

Tarehe 21 Julai 1801 nyumba ya Weichselberger ilianguka. Mke wa bwana alikufa pale pale. Joseph alifukiwa chini ya kifusi, lakini mihimili ilikuwa imekingamana juu yake ikamwachia nafasi ya kupumulia. Watu walichimba kwa muda wa saa kadha, huku kuta zilizobaki zikitishia kuwaangukia. Mtawala mwenyewe, Maximilian Joseph, ambaye baadaye alikuwa mfalme wa Bavaria, alifika kuwatia moyo waokoaji, na kijana alipotolewa hai alimpa zawadi ya dukati 18, yaani sarafu za dhahabu. Alikuwako pia mtu mwingine aliyemwangalia kijana yule kwa makini: Joseph Utzschneider, mtumishi wa serikali na mfanyi biashara. Huyo alimletea vitabu vya hesabu na vya elimu ya nuru.

Zile dukati hazikuliwa. Kwa sehemu moja Joseph alinunua mashine ya kukatia vioo, na kwa nyingine akajikomboa katika muda uliosalia wa uanagenzi wake. Kisha akajaribu kujitegemea kwa kuchora kadi za majina. Vita vya wakati wa Napoleon vilikuwa vimeiharibu biashara, wateja hawakuonekana, naye hakuwa na budi kurudi kwa bwana wake wa zamani, safari hii kama fundi wa ujira. Mwaka 1806, akiwa na miaka 19, aliingia katika kiwanda cha vyombo vya kupimia ambacho Utzschneider alikiendesha pamoja na fundi hodari Georg von Reichenbach.

Kiwanda hicho kilikuwa na shida moja: vioo. Wapima ardhi na majeshi walihitaji darubini, na darubini haipatikani bila lenzi zilizo safi. Kioo cha siku zile kilikuwa na michirizi ndani yake, mithili ya sukari inayoyeyuka majini, na kila mchirizi huupinda mwali wa nuru kwa namna yake. Utzschneider alikuwa amenunua nyumba ya Benediktbeuern chini ya milima ya Alpi, iliyokuwa monasteri ya kale ya Wabenedikto mpaka serikali ilipoifunga mwaka 1803. Watawa wa shirika hilo hilo la Mtakatifu Benedikto, kutoka Mtakatifu Ottilia huko huko Bavaria, ndio waliokuja baadaye kuanzisha Peramiho na Ndanda kwetu kusini. Katika majengo ya watawa Utzschneider alisimamisha tanuri, akamwita Pierre Louis Guinand, Mswisi aliyejua njia ya kukoroga kioo kingali kimeyeyuka ili michirizi itoweke. Fraunhofer alihamishiwa huko, na kwa muda wa miaka michache yule kijana asiye na shule alikuwa ndiye msimamizi wa kazi yote ya lenzi. Baadaye akapewa na tanuri pia. Guinand, aliyekuwa mzee kwake na mwalimu wake katika kazi ya moto, hakupendezwa na kuwekwa chini ya kijana. Mwaka 1814 aliondoka.

Hapa ndipo twafika kwenye kiini cha habari. Ili kutengeneza lenzi bora, mtu lazima ajue kila aina ya kioo huipinda kila rangi kwa kiasi gani. Lakini rangi hazina mipaka. Tukipitisha nuru ya jua katika kioo cha pembe tatu, kiitwacho prizimu, twapata utepe wa rangi kama upinde wa mvua, na nyekundu huingia katika njano, njano katika kijani, bila mtu kuweza kusema moja yakoma hapa na nyingine yaanzia pale. Fundi apimaye kitambaa kisicho na ncha atapimaje? Fraunhofer alitafuta ncha. Aligundua kwamba nuru ya taa, ikipitishwa katika prizimu, ina mstari mmoja uliong'aa kuliko sehemu nyingine, katika rangi ya njano iliyokaribia machungwa, na ya kuwa mstari huo hauhami mahali pake. Basi akautumia kama alama.

Mwaka 1814 alitaka kujua kama jua nalo lina mstari huo. Akaufunga ubao wa dirisha, akaacha ufa mwembamba tu, akaweka prizimu yake bora mbele ya darubini ya chombo cha kupimia pembe, akatazama. Hakuuona mstari wa kung'aa. Aliona mistari myeusi isiyo na idadi, mikubwa kwa midogo, imeukata utepe wote wa rangi tangu nyekundu hata zambarau. Mwingereza William Wollaston alikuwa ameona michache mwaka 1802, akadhani ni mipaka ya rangi, akaiacha. Fraunhofer hakuiacha. Alihesabu 574, akaichora, na iliyo mikubwa akaipa herufi kwa mfuatano kuanzia A katika nyekundu. Mahali pale pale ambapo taa huonyesha mstari wa njano, jua lilikuwa na mstari mweusi. Huo akauita D. Akaona tena kwamba D si mmoja: ni miwili, imekaribiana sana.

Twaomba msomaji aikumbuke ile miwili.

Alikuwa sasa amepata ncha za kitambaa chake. Aliweza kupima kila kioo kwa usahihi ambao hakuna aliyewahi kuukaribia, na lenzi zake zikawa bora kuliko za Uingereza zilizosifiwa hapo kwanza. Mtu mwingine angeishia hapo, kwa kuwa kiwanda kiliridhika. Yeye alielekeza vyombo vyake kwenye sayari ya Zuhura, akaona mistari ile ile ya jua. Akaelekeza kwenye nyota ya Sirius, akaona mapande meusi matatu ambayo hayakuwa kama ya jua hata kidogo. Miaka ilipopita akazipima nyota nyingine, na katika Capella na Betelgeuse akauona mstari D. Hivyo aliona mapema kwamba nuru ya nyota hubeba habari za nyota yenyewe, wala kila nyota hainenі yale yale.

Je, mistari hiyo ilikuwa nini? Fraunhofer alihakikisha kwamba haikutokana na prizimu wala na ufa wa dirisha, bali imo katika nuru yenyewe. Zaidi ya hayo hakusema. Taarifa yake, iliyotolewa mwaka 1817, yaeleza alichokiona na alichokipima, basi. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo sehemu bora ya tabia yake kama mtafiti. Kubuni sababu kungalikuwa rahisi, na watu wengi wa wakati wake, wenye digrii zao, walikuwa wepisi wa kubuni.

Na wenye digrii hao walimsumbua kidogo. Akademia ya Sayansi ya Bavaria ilimpokea mwaka 1817 kama mwanachama wa kuandikiana barua tu. Lilipokuja shauri la kumpandisha cheo, baadhi ya wanachama walipinga: hakusoma sekondari, hakusoma chuo kikuu, ni fundi wa mkono, na kama kuona mistari ni ugunduzi, ni ugunduzi wa mtu wa karakana. Kilichokuwa hatarini hapo hakikuwa heshima ya mtu mmoja tu, bali swali kama elimu ipatikanayo kwa mikono na tanuri ni elimu. Akademia ilichukua njia ya katikati, ikamruhusu kuhudhuria. Chuo kikuu cha Erlangen hakikusita: mwaka 1822 kilimtunukia udaktari wa heshima. Mwaka 1823 Akademia hiyo hiyo ilimkabidhi ulinzi wa vyombo vyake vya fizikia pamoja na cheo cha profesa.

Wakati huo alikuwa amehamia Munich na kiwanda chake, naye alikuwa amepata njia ya pili ya kuipasua nuru. Badala ya prizimu alizungusha uzi mwembamba wa madini juu ya parafujo mbili hata ukawa wavu wa nyuzi zilizolingana, kisha akachora mistari myembamba kwa almasi juu ya kioo. Nuru ipitapo katika wavu kama huo hutawanyika kwa utaratibu, na kutokana na nafasi iliyo baina ya nyuzi mtu aweza kuhesabu urefu wa wimbi la kila rangi. Alihesabu urefu wa wimbi la D, na jibu lake latofautiana na la leo kwa chini ya moja kwa mia. Mwaka 1824 darubini yake kubwa, yenye lenzi ya sentimita 24 na mtambo wa saa wa kuifuatisha nyota, ilisimamishwa Dorpat, mji uitwao leo Tartu katika Estonia. Haikuwako ya namna yake iliyo kubwa kama hiyo. Mfalme Maximilian Joseph, yule yule wa dukati 18, akampa daraja la heshima, na tangu hapo akaitwa von Fraunhofer.

Jambo moja hatulisifu. Siri ya tanuri haikutolewa. Wageni walionyeshwa mistari, nyavu na darubini kwa ukarimu, lakini namna ya kuyeyusha kioo ilibaki mali ya kiwanda, nao Waingereza, pamoja na Michael Faraday, walihangaika miaka mingi bila kufikia ubora ule. Twafahamu kwamba Utzschneider alikuwa na mikopo ya kulipa na mafundi wa kulisha. Hata hivyo, yule aliyepokea vitabu bure akiwa kifusini ametoka kufukuliwa, aliruhusu elimu nyingine ifungwe kwa kufuli.

Moshi wa tanuri, pamoja na kifua dhaifu alichokuwa nacho tangu utotoni, vilimmaliza mapema. Alishikwa na kifua kikuu, akafa Munich tarehe 7 Juni 1826, akiwa na umri wa miaka 39. Hakuoa. Walimzika karibu na Reichenbach, aliyekufa wiki chache mbele yake. Chombo alichokianza kwa ajili ya Königsberg kilimaliziwa na mafundi wake, na mwaka 1838 Friedrich Bessel alikitumia kupima umbali wa nyota moja katika kundi la Cygnus, kipimo cha kwanza cha umbali wa nyota kilichokubaliwa na wote. Na darubini ambayo kwayo Johann Galle aliiona sayari ya Neptuni huko Berlin mwaka 1846 ilitoka katika kiwanda hicho hicho.

Lakini ile miwili ya D? Ilingoja hadi mwaka 1859. Mjini Heidelberg, Gustav Kirchhoff na Robert Bunsen walionyesha kwamba mstari wa njano wa taa hutokana na sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya mezani na hupenya karibu kila mahali. Mvuke wa sodiamu ukiwa na moto hutoa rangi hiyo. Nuru kali ikipita katika mvuke ulio baridi kuliko chanzo cha nuru, mvuke huinyonya rangi ile ile, na mahali pake hubaki giza. Basi sodiamu iko katika hewa ya jua. Mjesuiti Angelo Secchi huko Roma alitumia mistari ya namna hiyo kuzigawa nyota elfu kadha katika aina zake.

Mwaka 1904 Johannes Hartmann wa Potsdam alikuta jambo la ajabu katika Mintaka, nyota moja ya mshipi wa Orioni. Hiyo ni nyota mbili zizungukanazo, na kwa hiyo mistari yake huyumba huku na huku kwa zamu. Mstari mmoja wa kalsiamu haukuyumba. Mwaka 1919 mwanafunzi mmoja mwanamke wa Marekani, Mary Lea Heger, akichunguza katika kituo cha Lick, California, aliona kwamba ile miwili ya sodiamu nayo imetulia katika nyota hiyo. Kitu kisichoyumba pamoja na nyota si cha nyota. Ni gesi iliyo njiani, katika nafasi ambayo watu walidhani ni tupu.

Gesi hiyo haikai peke yake. Imechanganyika na vumbi. Robert Trumpler, wa kituo hicho hicho cha Lick, alithibitisha mwaka 1930 kwamba vumbi hilo hufifisha nuru ya nyota, tena huinyang'anya rangi ya buluu kuliko nyekundu. Wasomaji wetu huliona jambo linalofanana na hilo wakati wa kiangazi, mashamba yanapochomwa: jua lishukapo nyuma ya moshi huonekana jekundu, ingawa halikubadilika. Nyota nyuma ya vumbi huwa vivyo hivyo, na hapo ndipo penye hatari. Mtaalamu aiangaliaye nyota nyekundu na hafifu aweza kudhani ni ya baridi, na ya kuwa iko mbali. Vumbi likiwa limeacha robo tu ya nuru ipite, naye asijue, ataiweka nyota mahali palipo mara mbili ya umbali wake wa kweli. Kosa la namna hiyo likiingia katika nyota zilipukazo, ambazo kwazo hupimwa umbali wa galaksi nyingine, huharibu kipimo cha ulimwengu mzima.

Ndipo mistari ya Fraunhofer inapoitwa shaurini. Wataalamu huchukua nyota za buluu zenye joto kali, ambazo rangi yake ya asili yajulikana na ambazo zenyewe hazionyeshi sodiamu yao. Hupima ni kiasi gani mistari D imeinyonya nuru, hupima pia nyota imetiwa wekundu kiasi gani, na kulinganisha. Sodiamu ikizidi, vumbi kwa kawaida nalo huzidi. Ulisse Munari na Tomaž Zwitter, yaani Mwitalia na Mslovenia, walitoa mwaka 1997 kipimo kinachotumiwa sana: mtu asiyeijua rangi ya asili ya nyota apime mstari wa sodiamu, naye atakadiria wekundu ulioongezwa na vumbi.

Kipimo hiki hakiaminiwi kijinga. Pishi ikishajaa, ukimimina zaidi haionyeshi. Na mstari ukishakuwa mweusi kabisa, gesi ikiongezwa hauongezeki ila kidogo. Jinsi ya kujua kama pishi imejaa hutokana na kule kuwa miwili. Mmoja, wenye urefu wa wimbi wa nanometa 589.0, una nguvu ya kunyonya nuru mara mbili ya mwenzake wa nanometa 589.6. Mstari wa kwanza ukionekana na ukubwa mara mbili ya wa pili, gesi ni chache na hesabu yafaa. Ikikaribia kulingana, imejaa, na mtaalamu hana budi kuugeukia mstari hafifu wa potasiamu katika nyekundu ya mbali, ambao haujai upesi. Yampasa pia kutumia chombo chenye uwezo wa kuitenga miwili, maana njiani laweza kuwako zaidi ya wingu moja, kila moja na mwendo wake, na chombo kibovu huyachanganya yote yakawa doa moja. Hata taa za barabarani za sodiamu huleta taabu: nuru yake ya njano huangukia mahali pale pale penye D, nayo hupaswa kuondolewa katika hesabu kabla mstari haujapimwa.